Ulimi Hausomi Sera: Kujenga Kazini Lugha Inayowaheshimu Watu Transi

Muuguzi Mswahili aliyehamia Uingereza anajua fika kuwa mgonjwa wa kitanda cha nne ni mwanamke. Amemwogesha, amempa dawa, faili lake analo mkononi. Zamu ya asubuhi inapofika na yeye kuanza kukabidhi kazi, anamtaja mgonjwa yule kwa he, anajirekebisha kuwa she, na sentensi mbili mbele he inarudi. Kuhusu mgonjwa hana shaka hata chembe. Amekulia katika lugha ambayo "amelala" inatosha kwa mwanamke, kwa mwanamume na kwa mtoto ambaye bado yumo tumboni, na sasa Kiingereza kinamdai katika kila sentensi taarifa ambayo ulimi wake haujazoea kuitafuta. Wachina nao huteleza papo hapo, maana kwa matamshi yao he na she ni sauti moja.

Anayeelewa utelezi huu ameshaelewa nusu ya mada yetu. Mfanyakazi anapowaarifu wenzake kwamba yeye ni mwanamke, baada ya miaka 6 ya kujulikana kama mwanamume, wengi watakaoendelea kumwita he watakuwa katika hali ya muuguzi yule. Wameelewa, wamekubali, ila mdomo unatangulia. Wapo pia wanaokataa kwa makusudi, na hao ni suala la nidhamu na sheria. Mwaka 2021 baraza la haki za binadamu la British Columbia, Kanada, liliamuru mfanyakazi wa mgahawa alipwe dola 30,000 baada ya meneja wa baa kumkaidi mara kwa mara kuhusu viwakilishi vyake, yaani maneno kama he, she au they, na kisha mfanyakazi huyo kufukuzwa kazi. Mbinu tutakazoeleza hapa hazimwongoi mtu kama meneja yule.

Waajiri wengi huyatibu maradhi haya mawili kwa dawa moja: semina ya saa mbili, slaidi, na sera ya kutia saini. Semina hubadili anachokijua mtu. Kiwakilishi, kwa upande wake, huchaguliwa ndani ya sehemu ndogo ya sekunde, katikati ya mazungumzo yanayokwenda kwa maneno mawili au matatu kila sekunde, na kwa mwendo huo hakuna anayekumbuka slaidi. Uswidi ilitoa mfano mzuri. Kiwakilishi kipya hen, kisichotaja jinsia, kilizua ubishi mkali mwaka 2012, na kufikia 2015 kilikuwa kimeingia katika kamusi ya Akademia ya Uswidi. Watafiti waliofuatilia miaka hiyo waliona watu wengi wakitoka kwenye kulichukia neno hadi kulikubali kwa kipindi kifupi. Matumizi nayo yalipanda, lakini hayakuufikia mwendo wa mitazamo. Moyo ulifika kwanza, ulimi ukabaki nyuma.

Neno moja kabla ya kuendelea. Vyombo vyetu vya habari huandika "waliobadili jinsia". Linaeleweka, lakini linamfanya msomaji afikirie upasuaji uliokwisha kufanyika, na wengi hawajapata wala hawatafuti matibabu hayo. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya 2010 yenyewe haimdai mtu matibabu yoyote ili alindwe kazini. Tutasema watu transi, yaani watu ambao jinsia wanayojitambua nayo si ile waliyoandikiwa walipozaliwa.

Muulize mhusika, kisha hesabu

Kazi huanza kwa mfanyakazi transi mwenyewe, faraghani, kwa maswali yasiyozidi matano. Jina gani, na viwakilishi gani? Kuanzia siku ipi? Vitumike wapi: ndani ya timu tu, au hata mbele ya wateja na katika barua zinazotumwa nyumbani? Tukizungumzia kazi ya mwaka juzi, tumtajeje? Na wenzake wakikosea yeye hayupo, angependa warekebishwe? Swali la tatu ndilo husahaulika, na ndilo lenye hatari. Mtu anaweza kuwa wazi ofisini huku baba yake hajui lolote, na barua moja ya idara ya rasilimali watu ikamfikishia mzee habari kabla yake.

Baada ya hapo unahitaji kiwango cha mwanzo, maana bila namba utaamini ulichotaka kuamini. Chagua mahali ambapo mhusika hutajwa sana, kwa mfano kikao cha makabidhiano cha dakika 10. Hesabu vitu viwili: nafasi, yaani kila mara mtu huyo alipotajwa kwa jina au kiwakilishi, na usahihi, yaani mara ngapi alitajwa sawasawa. Nafasi 14 na usahihi 9 ni asilimia 64. Fanya hivyo vikao vitatu au vinne kabla ya kuanzisha chochote. Kila mmoja ajihesabie mwenyewe. Kifaa cha kubofya kinatosha, na asiye nacho atahamisha sarafu kutoka mfuko mmoja kwenda mwingine, au asogeze tasbihi. Namba za mtu mmojammoja zibaki kwake. Kinachobandikwa ni jumla ya timu. Mhusika asifanywe karani wa makosa anayotendewa, na mpango wenyewe usianze kabla hajaukubali.

Kwa nini tuhangaike kuhesabu nafasi wakati makosa peke yake yangetosha? Kwa sababu kuna njia rahisi kabisa ya kufikisha makosa sifuri: kuacha kumtaja. Hapa ndipo mipango mingi inapoharibikia bila mtu kutambua. Kosa likikemewa mbele ya watu, mkosaji hujifunza haraka, ila anachojifunza ni kukwepa. Ataanza kusema "yule wa ghorofa ya pili", hatampendekeza kwa kazi ya pamoja, hatamsimulia mafanikio yake kwa bosi. Jedwali litaonyesha asilimia 100 huku nafasi zimeshuka kutoka 14 hadi 3. Ukiona hivyo, legeza ukali kabla ya kuongeza mafunzo.

Ondoa vinavyomkumbusha mtu makosa

Wataalamu wa tabia huitazama tabia kwa sehemu tatu: kinachoitangulia, tabia yenyewe, na kinachoifuata. Sehemu ya kwanza ndiyo ya bei nafuu kuliko zote, nayo ndiyo huachwa mwisho. Kila skrini inayoonyesha jina la zamani ni mwalimu anayefundisha kosa bila kuchoka. Pita mahali pote jina linapojitokeza: kitambulisho cha mlangoni, anwani ya barua pepe pamoja na sehemu iliyo kabla ya alama ya @, ratiba ya zamu, orodha ya simu, mfumo wa mishahara, kabati, cheti cha mafunzo ya zimamoto kilichotundikwa ukutani. Programu nyingi huvuta jina kutoka chanzo kimoja na kulitunza kwa siku kadhaa, kwa hiyo lililobadilishwa Jumatatu laweza kufufuka Alhamisi kwenye mwaliko wa kikao. Mtu mmoja mwenye jina na cheo apewe kazi ya kukagua siku ya 1, ya 7 na ya 30. Palipo na ulazima wa jina la kisheria, kama kodi na pensheni, lihifadhiwe katika sehemu moja inayofunguliwa na wachache.

Nyaraka za zamani ni kisa kingine, na Afrika Mashariki inakijua. Oktoba 2014 Mahakama Kuu ya Nairobi iliagiza Baraza la Mitihani la Kenya limpe Audrey Mbugua cheti kipya cha mtihani wa sekondari (KCSE) chenye jina lake la sasa na kisicho na alama ya jinsia. Bila cheti kama hicho, kila maombi ya kazi hulazimika kuanza kwa maelezo ambayo mwombaji hakutaka kuyatoa.

Maneno yaliyoandikwa tayari ndiyo rahisi zaidi kubadili, kwa kuwa msomaji wake hahitaji kukumbuka kitu. Treni za chini ya ardhi za London ziliacha "ladies and gentlemen" mwaka 2017 zikachukua salamu ya kuwahusu wote, na Air Canada ikafuata njia hiyo mwaka 2019. Fomu inayomlazimisha mteja kuchagua Mr au Mrs kabla ya kuendelea, hati ya simu inayoanza na sir, kiolezo cha barua: rekebisha mara moja, na maelfu ya sentensi za kesho zimeshanyooka. Ila tusijidanganye kwamba hayo ndiyo mabadiliko yenyewe. Viwakilishi chini ya barua pepe ni kikumbusho kizuri, na kikumbusho huondolewa kirahisi. Januari 2025 idara kadhaa za serikali kuu ya Marekani ziliwaagiza wafanyakazi kuvifuta. Kilichokwisha kukaa mdomoni hakifutwi kwa agizo.

Mazoezi ni ya mdomo

Jambo moja la sarufi hugeuza mpango mzima, na halionekani mpaka ulitazame vizuri. Kwa Kiingereza, ukiongea na mtu unamwita you. He, she na they (ambayo baadhi huichagua kwa mtu mmoja kwa kuwa haitaji jinsia) hutumika unapoongea habari zake na mwingine. Kwa hiyo makosa mengi hutokea mhusika akiwa hayupo, na wanaoyasikia ni wenzake, ambao huyaiga. Ndiyo maana mazoezi hufanywa bila yeye, na hakuna haja ya kumgeuza kifaa cha kufundishia.

Mafunzo ya stadi yana hatua nne zinazofuatana: maelezo, mfano, mazoezi, mrejesho. Semina huishia hatua ya kwanza. Sisi tungegawa dakika 20 za kwanza hivi: maelezo dakika 3, mfano dakika 2, zilizobaki zote kuongea kwa wawiliwawili. Mmoja anauliza maswali ya kawaida ya kazini, mwingine anajibu kwa sauti, kila jibu liwe na viwakilishi visivyopungua vitatu. Maswali yahusu jana, kesho na miaka iliyopita. Usimulizi wa zamani ndio mtego mkubwa, kwa sababu kumbukumbu hurudi ikiwa imevaa jina lake la wakati ule. Kisha kila siku dakika moja tu: saa inawekwa, mtu anasema sentensi nyingi kadiri awezavyo, anahesabu sahihi na makosa, anaandika. Lengo ni wepesi. Mtu anayepata usahihi kwa kusitasita atateleza tena zamu ya usiku, akiwa amechoka au amekasirika.

Mazoezi yakihusu mtu mmoja peke yake huzaa kosa la aina nyingine. Aliyezoezwa they kwa siku kumi kuhusu mwenzake mmoja ataanza kuwaita wote they, pamoja na mwanamke transi aliyesubiri miaka kusikia she. Changanya picha au majina ya watu watano au sita wenye viwakilishi tofauti, na uyabadilishe mpangilio kila siku. Ulimi unatakiwa ujifunze kutofautisha, na hauwezi kutofautisha kitu kimoja.

They ya mtu mmoja ina ugumu wake kwa sababu kitenzi hubaki cha wengi: they are, ingawa anayesemwa ni mmoja. Hapa Mswahili ana ahueni kidogo. Amekua akimtaja mzee mmoja kwa "wamefika" na "wamesema" kama heshima, angalau katika maeneo ambako adabu hiyo ingalipo, kwa hiyo wingi unaobeba mtu mmoja haumtishi.

Ongeza juu ya hayo nia ya utekelezaji, mbinu ambayo mwanasaikolojia Peter Gollwitzer aliitangaza miaka ya 1990. Uchambuzi wa mwaka 2006 uliojumuisha majaribio 94 uliikuta ikisaidia watu kutimiza malengo kwa kiwango cha kati hadi kikubwa. Muundo wake ni "likitokea hili, basi nitafanya hili". "Nitajitahidi kuwa makini" haifai kitu, kwa sababu haina saa wala mahali. "Nikifungua ratiba ya zamu kabla ya kikao, basi nitasema kimoyomoyo sentensi moja yenye she kuhusu mwenzetu" inafaa, kwa sababu ratiba yenyewe ndiyo itakayokukumbusha. Kila mtu aandike mbili, zisizidi tatu. Mwenye nane hana hata moja.

Kuhusu muda, utafiti wa London uliochapishwa mwaka 2009 uliwafuata watu 96 wakijenga mazoea mapya. Wastani wa kati ulikuwa siku 66, kuanzia 18 hadi 254, na kukosa siku moja hakukuharibu safari. Zoea lenyewe lilikuwa dogo, kama kunywa maji baada ya kifungua kinywa. Meneja anayefunga mpango baada ya wiki mbili amevuna kabla mahindi hayajabeba.

Kurekebisha bila kuua mazungumzo

Aliyekosea atamke neno sahihi na kuendelea: "he, she, she ameshapeleka ripoti." Sekunde mbili zinatosha. Watu wenye adabu huona hilo ni jeuri, wakaongeza maombi ya msamaha, historia ya urafiki wao, na maelezo ya jinsi wanavyojaribu. Matokeo yake aliyekosewa ndiye anayembembeleza mkosaji, wote wanatazama, na aliyeomba radhi anaondoka na nafuu kifuani. Nafuu hiyo ndiyo malipo yake. Kinacholipwa hurudi, na kinachorudi hapa ni msamaha mrefu, kwa kuwa kiwakilishi sahihi hakijalipwa chochote.

Mwenzako akikosea, njia ya kwanza ni mwangwi: unarudia hoja yake kwa neno sahihi na kusonga mbele. Ni ya upole, lakini ina udhaifu unaojulikana. Mwaka 1997 watafiti Lyster na Ranta walichunguza madarasa ya Kifaransa nchini Kanada wakaona kuwa walimu waliutumia mwangwi kwa zaidi ya nusu ya masahihisho yao, na ndio uliowafanya wanafunzi wajirekebishe mara chache kuliko mbinu nyingine. Msikiaji hudhani umekubaliana naye tu. Kwa hiyo timu ikubaliane mapema: mwangwi mara mbili, ya tatu ni ishara ya wazi, neno moja lililosemwa peke yake, "she", au kidole kimoja mezani. Ishara iliyokubaliwa na wote haichomi kama karipio la ghafla.

Sifa nazo zina mahali pake. Usimpongeze mtu mbele ya mwenzake transi kwa kumwita jina lake. Kuitwa jina lako si zawadi ya kupigiwa makofi. Msimamizi aseme faraghani, kwa undani: "Leo ulimtaja mara sita, zote sawa, hata uliposimulia mambo ya mwaka jana." Wiki za mwanzo mrejesho uwe wa kila siku, halafu wa wiki, halafu uachwe taratibu huku mkihesabu mara moja kwa mwezi kuona kama kitu kimeshuka.

Kuhusu kuzungusha meza kila mtu ataje viwakilishi vyake: usiifanye lazima. Anayejitafuta bado atalazimika kudanganya au kujifichua mbele ya watu kumi na wawili. Kiongozi anaweza kuanza kwa kujitambulisha yeye mwenyewe, na aseme wazi kuwa anayetaka kutaja jina tu ataje jina tu. Pale ambapo kujulikana kunaweza kumletea mtu kipigo, kufukuzwa kwenye nyumba ya kupanga au kukamatwa, Kampala ikiwa miongoni mwa sehemu hizo, hasa tangu sheria ya Uganda ya 2023 dhidi ya ushoga, zoezi hili lisihamishwe kutoka makao makuu ya shirika kama kiolezo. Swali la faragha, kumbukumbu isiyoandikwa, basi.

Kiswahili nacho kinataja jinsia

Tunapenda kujisifu kwamba lugha yetu haina tatizo hili. Kiambishi a- ni kweli hakibagui, ila jinsia imejificha kwingine, nasi tunaitamka asubuhi hadi jioni: kaka, dada, mama, baba, shangazi, bibie, bwana. Ofisini Dar es Salaam au Mombasa mtu haitwi kwa jina tupu, na kumwita tupu kutaonekana utovu wa adabu. Kwa hiyo ushauri wa Kizungu wa "tumia jina" hautoshi. Vyeo vinasaidia: daktari, mwalimu, mhasibu, mkuu, mheshimiwa. "Ndugu" lilitumika Tanzania kwa wanaume na wanawake sawasawa katika miaka ya Ujamaa, na mikutanoni bado linasikika hivyo. "Mwenzetu" linafaa popote. Mwanamke transi anaweza kutaka "dada" waziwazi, na hapo kumkwepa kwa "ndugu" kila mara huku wengine wote mkiwaita dada kutamwambia yale ambayo hamkutaka kuyasema.

Kitenzi cha ndoa ni mtego unaowapita hata waandishi wazoefu. "Ameoa" na "ameolewa" vinataja jinsia kuliko he na she. Kwenye fomu na wasifu wa mfanyakazi andika "ana mwenza" au "amefunga ndoa".

Kazi ngumu kuliko zote ni ya mkalimani. Anayetoka Kiingereza kuja Kiswahili anapoteza jinsia bila jasho, na anayetoka Kiswahili kwenda Kiingereza analazimika kuizua. Shahidi anasema "alifika saa tatu, akakaa, akaondoka", na mkalimani ana vitenzi vitatu na nusu sekunde ya kuamua. Wengi hubahatisha kwa sauti ya jina, na mashine za kutafsiri hubahatisha kwa mazoea ya matini zilizolishwa. Mkalimani apewe orodha ya watakaotajwa pamoja na viwakilishi vyao kabla ya kikao, pamoja na majina ya mitaa na dawa anayoandaliwa siku zote. Asipopewa, aulize mlangoni kabla ya kukaa, kwa sababu akishaketi kati ya pande mbili hana tena zamu ya kuuliza.